Yule wa Kisimani Amepona

Wembley, London
Jumapili, 8 Februari 1998

Dada Siham,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta umekwisha kupumzika na kazi za Idi. Mimi ni mzima. Huku Idi iliangukia siku ya kazi, nikaswali na jamaa asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa hospitalini namtafsiria mama mmoja wa Kikongo Kiswahili ambacho mimi mwenyewe nilikielewa nusu. Nimehama chumba. Sasa niko karibu na stesheni, na siku za mpira mtaa wote unanuka vitunguu vya kukaanga.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Jana nilipita dukani kwa Tushar, Mhindi wetu wa Mombasa anayeazimisha kaseti za vidio. Chini kabisa ya rafu, nyuma ya filamu za Kihindi, nikaona boksi lenye picha ya gari jekundu na wanaume wawili, mmoja mrefu, mmoja mwenye masharubu. Dada, ni wale wale! Ule mchezo wa zimamoto wa Marekani, wa kila Jumatano.

Tushar akacheka. "Hizo hakuna mtu anaazima, kaka. Watu wanataka kuimba na kulia. Chukua zote, zinakula vumbi tu."

Nakuandikia ninavyokumbuka, unisahihishe nilipokosea. Televisheni ya mtaa ilikuwa moja, ndani ya kabati la kufuli pale ukumbini, na sisi watoto mkekani mbele. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na wenye Kiingereza mtaani walikuwa wachache. Basi Baba alikuwa akisimama ubavuni mwa televisheni na bakora yake, bado kavaa shati la posta, akitutafsiria kila neno. Daktari wa redioni, yule aliyekuwa akiwaelekeza kutoka hospitali, alimpa sauti nzito, Masharubu nyembamba. Nyumba ikiungua, na Baba jasho linamtoka. Nadhani mimi kuwa mkalimani kulianzia pale.

Nimeazima na mashine ya vidio kwa Abdulwakil, yule niliyesoma naye sekondari, sasa yuko Ilford na watoto watatu. Mwambie Baba nitaitazama yote tangu mwanzo, kila Jumapili, na nitamwandikia. Likizo yangu bado haijatoka. Ikitoka nitakuja na kaseti.

Mbusie Mama mkono.

Mdogo wako,
Msabaha


Kikwajuni, Unguja
21 Machi 1998

Mdogo wangu Msabaha,

Wa alaykum salaam. Sote tuko salama. Mama anasema kama huandiki unakula nini, basi usiandike kabisa. Mvua zimeanza na paa la jikoni limetukumbusha kwamba lipo. Ibtisam wangu ameingia kidato cha pili na sasa anatusahihisha sote.

Barua yako niliichukua posta Jumanne. Kama kawaida ya nyumba hii, haikufunguliwa mpaka baada ya Alasiri, Baba akiwa barazani, na Mama, na Bi Mwanapili jirani yetu, na kila aliyepita akaona watu wamekaa. Nikaisoma kwa sauti. Ungemwona Baba! Alijinyoosha kama anapigwa picha.

Bi Mwanapili akasema, "Miraji wewe, ulikuwa ukitufokea utadhani unayeungua ni wewe."

"Bila mimi mngejua nini?" Baba akamjibu. "Mngeona gari jekundu linapita, basi, mwende mkalale."

"Mwambie Msabaha amtafute yule mtoto aliyeanguka kisimani. Nilimwombea dua mimi yule mtoto!"

Baba hapo akatazama barabarani. Kisha akasema kaseti hiyo huenda imekwisha haribika, kaseti za zamani haziwekeki.

Mengine ni ya kawaida. Mguu wa Baba umevimba kidogo, yeye anasema ni viatu. Mama anakuombea. Hiyo likizo yako mimi naijua na sijamwambia mtu.

Dada yako,
Siham


Wembley
Jumapili, 17 Mei 1998

Dada Siham,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wanaoketi barazani barua hii ikisomwa. Mwambieni Mama nakula wali kwa maharage, na Ijumaa kuku. Jua limetoka wiki hii, watu wamelala bustanini kama nguo zilizoanikwa.

Baba, nimezitazama sehemu nyingi sasa. Lile gari ni jekundu kuliko nilivyodhani, kwani nadhani televisheni ya mtaa rangi zake zilikuwa zimechoka. Mrefu bado hajaoa. Masharubu bado anasahau kofia yake. Nakushukuru kwa ile kazi yako ya miaka yote, ambayo hukulipwa hata kikombe cha kahawa.

Msabaha

KARATASI YA PILI

Dada, hii ni yako peke yako. Usiisome barazani.

Yule mtoto wa kisimani alikufa.

Nimeitazama mara mbili nisije nikakosea. Wanamtoa, Mrefu anamkandamiza kifua, Masharubu anazungumza na daktari kwa redio. Daktari anasema basi, acheni, amekwisha kufa. Mama wa mtoto yuko pale pale, anasikia. Masharubu anachukua blangeti, anamfunika mpaka usoni. Nami nakumbuka vizuri bakora ya Baba ikigonga kioo: "Daktari anasema hongereni, amepona! Wamemfunika asipate baridi. Marekani kuna baridi sana." Na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nilidhani siku hiyo Baba hakusikia. Lakini bibi wa ghorofani naye alikufa, na Baba alisema amepona. Dereva wa lori alikufa, na Baba alisema anapumzika, Jumatano ijayo atakuwa kazini. Mpaka hapa nilipofika hakuna hata mmoja aliyekufa Kikwajuni, na wengi wamekufa Marekani.

Utaona nalifanya kubwa jambo dogo. Lakini hii ndiyo kazi yangu. Tumeahidi kusema kilichosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Wiki iliyopita niliitwa hospitali moja kumtafsiria mzee wa Kipemba. Binti yake alinivuta pembeni mlangoni. "Kaka yangu, daktari akisema haponi, wewe sema ni vidonda vya tumbo." Nikamwambia siruhusiwi. Daktari akasema, na mimi nikasema. Mzee aliinamisha kichwa, kisha akauliza kama bado anaruhusiwa chai ya maziwa. Tulipotoka, yule binti akaniuliza, "Wewe huna baba?"

Nikaandika yote katika shajara yangu kama kawaida, nikalala. Lakini muulize Baba, kwa upole, kwa nini alifanya vile.


Kikwajuni
5 Julai 1998

Mdogo wangu,

Nakusalimia kwa salamu za watu wote wa nyumba hii, na za paka, ambaye amezaa juu ya magunia ya mkaa. Ibtisam amekuwa wa tatu darasani na ana hasira kwa sababu ya hao wawili.

Ama karatasi yako ya pili, ulisahau unaandikia nyumba gani. Baba siku hizi ana miwani mpya na barua anataka kuzisoma mwenyewe. Alininyang'anya bahasha, akasoma ya kwanza, akageuza ya pili, na mimi nikiona juu yake pameandikwa "peke yako". Hakusita. Akaendelea kwa sauti ile ile, mbele ya Mama na Bi Mwanapili:

"Msabaha anasema, mtoto wa kisimani kamwona tena, mzima, anacheka. Anasema Baba hakukosea hata neno moja. Anasema hospitalini kwake Wazungu wanamwuliza ufundi huo kautoa wapi."

"Mashaallah," akasema Bi Mwanapili, "dua yangu hiyo."

Baba akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Nikamwomba, akasema imeshasomwa. Niliisoma kesho yake, nilipokuwa nafua kanzu.

Nilimwuliza tukiwa wawili, namkanda mguu. Hakukasirika. Aliniuliza yeye kwanza: "Riyadh alifariki lini?"

"Sabini na tano, Baba."

"Na mama yenu alitoka nje lini?"

Wewe ulikuwa umepelekwa Bububu kwa shangazi, ukarudi Mama ndiyo kwanza anaanza kutoka. Hukumwona. Mimi nilimwona. Ndugu yetu alikuwa na miaka saba, kashikwa na homa asubuhi, na gari la wagonjwa halikupatikana. Baba alimpakia kwenye baiskeli ya posta, Mama akikimbia nyuma kamshika mguu. Walirudi na baiskeli. Baada ya hapo Mama hakuvuka kizingiti, hata harusini hakwenda, hata uani kuanika nguo nilikwenda mimi.

Baba akasema: "Nilimwambia twende ukumbini, kuna mchezo wa watu wanaookoa watu. Wanaokolewa wote, nikamwahidi. Nilimbembeleza mpaka akakubali. Akakaa mbele. Na siku ile ile wale wapumbavu wakamwua mtoto! Nikamtazama mama yenu, nikaona midomo yake inavyofanya. Nikasema amepona."

"Na wale wengine, Baba?"

"Nikishasema mmoja kapona, nianzeje kuua wengine?"

Kisha akaniambia nikande chini zaidi, karibu na kifundo.

Siham


Wembley
Jumapili, 13 Septemba 1998

Dada Siham,

Salamu kwa wote. Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi, na mvua imerudi kabla ya wakati wake. Nakula vizuri.

Barua yako nimeisoma. Juu ya Riyadh sina la kuandika kwa sasa. Kaseti nimeziacha kwa muda.

Hii ni karatasi moja tu, kwa hiyo nakuomba uiwahi wewe bahasha. Kesi yangu ya kuomba kukaa nchi hii itasikilizwa katikati ya mwaka ujao. Wakili wangu, Bwana Douglas, amenieleza bila kuzunguka: nikitoka nchi hii kabla ya uamuzi, faili linafungwa na mlango pia. Wazazi wanadhani nangoja likizo. Waache hivyo hivyo, Mama asije akaanza kufunga saumu kwa ajili yangu.

Lakini wewe nataka tuandikiane kama watu wazima. Machi uliandika mguu wa Baba umevimba. Julai uliandika unaukanda. Daktari amesema nini? Niandikie maneno yake, si yako. Na Baba akizidiwa, niambie siku hiyo hiyo. Nitakuja, liwe liwalo. Faili wataweza kulifunga, lakini sitakaa Wembley nikisikiliza watu wanasema wamemzika baba yangu.

Msabaha


Kikwajuni
28 Desemba 1998

Mdogo wangu Msabaha,

Assalamu alaykum, na Ramadhani iwe nyepesi kwako huko kwenye siku fupi. Sisi tunafunga salama. Barua yako ya Septemba tuliipata, na nilichelewa kuijibu kwa sababu ya mitihani ya Ibtisam na ukarabati wa paa, ambalo sasa ni bati jipya.

Baba hajambo. Mguu umepungua. Anakwenda msikitini na kurudi, na juzi alikwenda Darajani mwenyewe akanunua samaki wa futari. Daktari ameridhika naye. Mama hajambo, na Bi Mwanapili hajambo.

Shughulikia kesi yako, usiwe na mawazo. Msikilize wakili wako.

Dada yako,
Siham


Wembley
Jumapili, 7 Februari 1999

Dada Siham,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa Ibtisam. Idi nilikula kwa Abdulwakil, Ilford. Watu wa Ilford wamekuwa wema kwangu mno msimu huu. Novemba pia alinialika kwake kwenye khitma, nyumba imejaa mpaka ngazini. Nilikaribishwa kuketi juu, ubavuni mwa sheikh, wakati wako wazee zaidi yangu. Nilimwuliza Abdulwakil ni khitma ya nani, akasema ni ya wazee wetu. Nikasoma juzuu yangu nikanywa chai. Wakati wa kuondoka wakanipa mkono mmoja mmoja, mlangoni, kama mimi ndiye mwenye nyumba.

Sasa barua yako ya Desemba. Nimeisoma kama ninavyosoma karatasi za kazini, mstari kwa mstari.

Baba amekwenda Darajani kununua samaki? Mama alimpiga marufuku Darajani tangu mimi sijaenda skuli, siku aliyoleta changu wanaonuka akasema ndivyo walivyo. Umeandika daktari ameridhika, nami nilikuomba maneno ya daktari. Na jambo kubwa kuliko yote: katika barua nzima Baba hasemi kitu. Hatanii, halalamiki, hamjibu Bi Mwanapili. Tangu nifike nchi hii hujaniandikia barua ambayo Baba hakutia neno lake. Ukurasa mzima, Baba kimya?

Nimepiga simu nyumbani kwa Bi Mwanapili. Mara ya kwanza Baba amelala. Mara ya pili yuko msikitini, na haikuwa saa ya swala. Mara ya tatu Bi Mwanapili akasema hanisikii, na mimi nikimsikia vizuri akipumua.

Dada, nimerudia kaseti ya kisima. Sasa namwelewa Baba, na simlaumu. Lakini mimi si Mama, na mwaka huu si sabini na sita. Niandikie picha ilivyokuwa.

Msabaha


Kikwajuni
2 Aprili 1999

Msabaha ndugu yangu,

Idi Kubwa imepita. Sikuandika kabla yake kwa sababu nilitaka Mama ale sikukuu kwa amani. Sasa nakuandikia ulivyotaka.

Baba alifariki Jumatano, tarehe 11 Novemba, kabla ya Adhuhuri. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, Mwanakwerekwe, ubavuni mwa Riyadh. Ulikuwa moyo. Mguu ulikuwa ndio moyo. Daktari alituambia tangu Agosti, na maneno yake ni haya: "Atawaondokea mwaka huu, mpumzisheni." Aliyasema mbele ya Baba, na Baba hakutaka kutafsiriwa.

Ile barua yako ya Septemba ndiyo iliyokunyima khabari. Posta nilikwenda mimi, bahasha niliiwahi mimi, lakini nilipofika nyumbani alikuwa kakaa kitandani kanyoosha mkono. Nikampa. Safari hii aliisoma kimya. Akaniuliza wakili ni mtu wa namna gani, nikasema sijui. Akasema, "Huyu mtoto atakuja." Nikasema, "Ndiyo, Baba, atakuja." Akasema, "Basi mwambieni nimepona. Mpaka karatasi zake zitoke. Ni usia huu, Siham." Ningefanyaje?

Aliwaandikia na watu wa huko. Abdulwakil alipata barua ya Baba mwenyewe, mwandiko umepinda kidogo, ikimwomba wakuangalie na wasikwambie. Khitma ile ya Ilford ilikuwa ya Baba. Ndiyo maana walikukalisha juu, na ndiyo maana walikupa mkono. Walitaka usikose mkono wa pole hata kama hujui wa nini. Ulimsomea mwenyewe juzuu, Msabaha. Hakuzikwa bila mwanawe kumsomea.

Siku ya mwisho alishikwa na baridi, na Kikwajuni nzima inavuja jasho. Mama akamletea shuka ya pili akamfunika. Baba akafumbua macho, akafanya ile sauti ya ukumbini, ile ya daktari wa redioni: "Wamemfunika asipate baridi." Mama akacheka. Alicheka sana, mpaka akakaa chini, na mimi ndipo nilipojua kwamba Mama alikuwa akijua miaka yote. Nilimwuliza baadaye. Akasema, "Mtu akifunikwa uso, inahitaji Kiingereza?"

Mama ananiambia nikwambie kwamba alichoka, hakuumia. Hayo si maneno ya Baba wala yangu, ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwapo.

Usije. Alikufa kwa siri ili usije. Ngoja karatasi zako.

Siham


Wembley
Jumapili, 3 Oktoba 1999

Mama yangu mpenzi, na Dada Siham, na Bi Mwanapili, na wote mlioketi,

Assalamu alaykum. Samahani kwa kimya cha miezi hii. Mimi ni mzima, nakula, na koti jipya ninalo.

Nina khabari njema. Karatasi zangu zimetoka. Wameniruhusu kukaa, na sasa naweza kusafiri kama mtu mwingine yeyote. Kinachobaki ni likizo ya kazini tu, ambayo kwa sasa ni ngumu kwa kuwa wakalimani ni wachache. Ikitoka nitakuja, nitakwenda kumzuru Baba na Riyadh, na kaseti zote nitakuja nazo. Tushar amenipa moja kwa moja. Mama, utakaa mbele, nami nitasimama ubavuni.

Mwanao,
Msabaha

KARATASI YA PILI

Dada, sasa msomaji wa nyumba hiyo ni wewe, kwa hiyo hii haitanyang'anywa.

Wamenikatalia. Kesi ilisikilizwa Juni, jibu lilikuja Septemba, limeandikwa kwa adabu. Bwana Douglas ameanza rufaa, na anasema inaweza kuchukua miaka. Mpaka hapo siwezi kutoka, na wakitaka wanaweza kunitoa wao. Nimekuandikia maneno yake bila kupunguza.

Barua yako ya Aprili sikuijibu kwa sababu kila nilipoanza, nilifika salamu nikasimama. Siku niliyoipata nilipanda treni mpaka Ilford. Abdulwakil alifungua mlango, akaniona uso.

Nikamwambia, "Ulinipa juzuu ya baba yangu na chai."

"Nilikupa."

"Ukanitazama usoni ukasema ni ya wazee wetu."

"Si mzee wetu? Alinifunza mimi Kiingereza cha kwanza, Msabaha, pale ukumbini. 'Hongereni, amepona.' Nilikuja kujua ukubwani kwamba sijafunzwa kitu."

Tulicheka wote wawili mlangoni, halafu akanishika mkono akaniingiza ndani.

Nimefungua shajara yangu ya tarehe 22 Novemba. Nimeandika: "Ilford. Khitma. Mvua. Watu wema." Sikuifuta wala sikuongeza. Ni sahihi.

Karatasi ya kwanza msomee Mama kama ilivyo. Kazini bado nasema kilichosemwa. Yule mzee wa Kipemba alifariki Machi, na binti yake alinitumia ujumbe kwamba baba yake alinishukuru, alipata nafasi ya kuagana. Huenda akawa amesema hivyo kweli. Huenda binti amenitafsiria.

Msabaha


Kikwajuni
14 Novemba 1999

Mdogo wangu Msabaha,

Wa alaykum salaam. Juzi tulimfanyia Baba hauli, kisomo cha kutimia mwaka. Watu walijaa, na Bi Mwanapili aligombana na mpishi wa pilau kama inavyopasa. Ibtisam anaomba umletee kamusi, na anasema iwe kubwa.

Karatasi zako nimezipata zote mbili. Ya pili nimeisoma na nimeiweka ninapojua mimi.

Ya kwanza nilimsomea Mama baada ya Alasiri, barazani. Alikuwa anasuka ukili. Nilisoma ulivyoandika, sikuruka neno. Bi Mwanapili alipiga vigelegele, majirani wakatoka kuuliza kuna nini, na ikabidi nisome tena tangu mwanzo. Mama aliniacha mpaka nikamaliza mara ya pili, na watu wakaondoka.

Akauliza, "Kwa hiyo amepona?"

Nikasema, "Amepona, Mama."

"Kama yule wa kisimani."

Mimi nikaikunja barua. Akausuka ukili wake mpaka akafika mwisho wa ule utepe, akaukunja, akauweka pembeni.

"Mwandikie Mama amefurahi sana," akasema. "Uandike hivyo hivyo."

Basi nakuandikia. Mama amefurahi sana.

Dada yako,
Siham